Kiboko Aliyejengewa Nyumba

Kwachu.

Sauti moja tu usiku, upande wa ghalani. Kisha kimya.

Mpo?

Tupo!

Mmeezeka?

Tumeezeka!

Na ambaye hajaezeka?

Aje akae katikati yetu!

Basi songeni, mpeni nafasi. Hadithi hii paa lake dogo, lakini tukibanana tutaenea.

Sauti ile Sange aliisikia. Sange ni yule mnyama mdogo wa vichakani, mwenye pua ndefu kama mkonga uliosahau kukua, na miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Alikuwa amelala chini ya kichaka, mwanawe kambana kwapani.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Mvua ya mbali."

"Inakuja?"

"Lala, mwanangu."

Lakini Sange alijua. Mvua haitafuni.

Kulipokucha kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Kanga, yule ndege wa madoadoa, alisema, "Upepo ule, shoga. Upepo tu." Ngiri, mchimbaji mwenye meno ya kupinda, alisema, "Ghala lile linajinyoosha. Miti ikipoa usiku hujinyoosha." Wakatazamana, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeuliza upepo gani hunyamaza mtu akikohoa.

Zamani hizo wanyama walikuwa wanajenga nyumba, na nchi yao ilikuwa na sheria yake. Mtoto hakutajwa jina mpaka alale chini ya paa la kwao. Mama alilichagua jina tangu mimba, akalifungia kinywani. Siku nyumba ikikamilika na udongo ukikauka, mama alisimama kizingitini akalitaja, majirani wakaitikia, na tangu hapo mtoto alikuwa wa nchi. Mtoto asiye na paa aliitwa "wewe". Aliitwa "huyo". Na akifa alizikwa hivyo hivyo, huyo.

Sange alikwisha kumzika mmoja. Masika iliyopita mvua ilinyesha kwa hasira, na kichaka si nyumba. Mtoto alikohoa kho, kho, kho, na alfajiri hakukohoa tena. Sange alichimba shimo kwa pua yake mwenyewe. Alisimama juu ya shimo lile, jina likiwa ulimini, na mdomo haukufunguka, kwa kuwa sheria haikumruhusu. Akameza mate. Jina halikumezeka.

Na sasa huyu wa pili ameanza: kho. Kho. Mawingu nayo yanajikusanya nyuma ya kilima.

Si kwamba nchi ile haikuwa na utu. Kila kiangazi kila mji ulikata mzigo wa nyasi na mti mmoja mnyoofu, ukapeleka ghalani kando ya mto. Hilo liliitwa fungu la makao. Lilikuwa la kuwaezekea wasio na paa, wa mtoni na wa nyika, bila kubagua. Wa nyika ndio waliokata nyasi ndefu kuliko wote na kuzibeba mbali kuliko wote.

Walipotafuta mlinzi wa fungu, walifikiri sana. Tukimpa Kobe, walisema, atajiongezea paa juu ya paa. Tukimpa Ngiri atawajengea nduguze. Mpeni Kiboko! Kiboko analala majini. Kiboko hahitaji nyumba, kwa hiyo hawezi kuiba nyasi za nyumba. Wakashangilia sana kwa akili yao.

Walisahau jambo moja tu, kwamba Kiboko hula nyasi.

Basi Sange akateremka mtoni kudai. Tik, tik, tik, kwa miguu yake ya njiti. Kiboko alikuwa ndani ya maji, macho na masikio tu ndiyo yaliyokuwa juu, na mgongoni amesimama Yangeyange, ndege mweupe pe, msemaji wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Ni mimi Sange, wa nyika."

"Aa, nyika! Nyika mko wangapi siku hizi?"

"Mwaka jana tulikuwa wengi zaidi, mzee."

"Poleni. Haya, sema."

Sange akasema. Alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima. "Mzee, tangu fungu lianze, hakuna paa hata moja lililopandishwa nyika kwa nyasi za ghala. Sisemi wa mtoni wasijengewe. Nasema mvua haibagui, na fungu lisibague. Mtoto anayelala pakavu leo, kesho ana mikono ya kukata nyasi. Mkituezekea mwaka huu, mwakani ghala litajaa zaidi. Si kutupa huko, mzee. Ni kupanda."

Kiboko alitafakari, au alisinzia. "Maneno mazuri. Yangeyange, si maneno mazuri?"

"Mazuri sana, mzee."

"Tumeyapokea. Ila nyika ni mbali, mama. Na mmekaa mbalimbali, huyu hapa, yule kule. Kubeba nyasi mpaka huko ni kazi kubwa."

"Nyasi zimetoka huko huko, mzee."

Yangeyange alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko mgongoni kwa nani, akaacha. Akainua shingo akaimba wimbo aliowaimbia wote waliokuja kudai:

Fungu lipo, fungu lipo,
fungu lipo, li njiani!
Mwenye haraka akae,
mwenye subira akae,
fungu lipo, li njiani!

Kiboko naye akapiga mwayo, kinywa kikafunguka kama pango. Na Sange, kwa kuwa ni mfupi na yuko chini, aliona hadi ndani. Katikati ya magego kulikuwa kumekwama kipande cha kamba ya gome, na kamba ina fundo. Fundo la kuzunguka mara mbili na kupenya chini. Nyika nzima hufunga fundo moja. Mara mbili hufunga Sange peke yake, kwa sababu vidole vyake ni vidogo na haviamini fundo moja.

Ulikuwa mzigo wake wa kiangazi hiki, ambao alikuwa ameukata huku mtoto akikohoa mgongoni.

Kinywa kikafungwa. Paf!

"Una neno lingine, mama?"

"Sina, mzee. Asante, mzee."

Akarudi nyika polepole. Njiani alimkuta Kanga akichakura vumbi, akamwambia alichokiona. Kanga akatazama huku na huku. "Shoga, nyamaza. Umesahau yaliyonipata mimi?"

Hakuna aliyesahau. Kanga hakungoja fungu. Alijijengea kwa makucha yake. Sasa, nchi ile nyumba mpya ilikaushwa kwa moto, na sheria ilisema mwenye nyumba akae ndani na moto wake mpaka udongo ukauke, asitoke hata hatua. Akitoka kabla, walisema nyumba imemkataa, na inakuwa ya yule aliyekaa kizingitini. Kanga alikaa ndani, moto ukawaka, na huko nje kifaranga chake kimoja kikalia. Ni mama gani angekaa? Alitoka mbio akakiokota. Kurudi, amkute nani kizingitini? Yangeyange, akijichambua manyoya. Kanga alipolalamika, Kiboko alitoa kichwa majini akasema neno moja: "Sheria ni sheria." Tangu siku hiyo Yangeyange ana nyumba, na Kanga analala juu ya tawi.

"Sijasahau," Sange alisema. Akasimama hapo muda mrefu, pua ikicheza. Mtoto akakohoa. Mlima ukanguruma kwa mbali, na mara hii ilikuwa mvua kweli.

Kesho yake, tik, tik, tik, akarudi mtoni.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa kudai nyumba yangu kabla ya yako."

"Yangu?" Kiboko akapuliza maji puani, fyuu! "Mimi nina mto."

"Mto kila mtu anao, mzee. Hata vyura wana mto."

Sikio moja la Kiboko likatikisika.

Sange akaendelea kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Kobe ametajwa jina kizingitini. Yangeyange ametajwa. Watoto wa hapa wote, wewe ndiye unayesimamia siku yao ya jina. Lakini wewe, mzee, unaitwa Kiboko, kama kiboko yeyote anayepita. Jina lako mwenyewe ni nani?"

Mto ulitiririka. Yangeyange alijifanya anatafuta kupe.

"Sina," alisema Kiboko mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Majini hakuna kizingiti."

 Karibu Sange amwonee huruma. Lakini ile kamba ilikuwa bado kwenye magego.

"Basi tukujengee. Nyumba kubwa kuliko zote, kule nyika, juu ya kilima, ionekane kutoka kila mahali. Na siku udongo ukikauka, jina utakalolichagua litatajwa na nchi nzima."

"Kule juu? Mbali na maji?"

"Jina likitajwa bondeni halifiki mbali, mzee."

"Nyasi zitatosha?" aliuliza Yangeyange.

"Ghala lote likitumika," alisema Sange, "zitatosha."

Kiboko alimeza mate. Mngelisikia lile tumbo lilivyolia, gurrr, likitaka nyasi, na moyo nao ukitaka jina. "Lote?"

"Nyumba ya mkubwa ikivuja, watoto watacheka."

"Lote!" alinguruma Kiboko. "Toeni lote! Atakayebakiza hata unyasi mmoja nitamkalia!"

Ghala likafunguliwa. Lilikuwa limeliwa zaidi ya nusu. Wakabeba kilichobaki, nyasi zao wenyewe, wakapanda nazo kilima kile kile walichoteremka nazo.

Ujenzi ukaanza. Puu! udongo. Shwaa! nyasi. Kaza! kamba. Ngiri alichimba mashimo ya nguzo na kukanyaga udongo, Kanga alikandika kwa miguu na mbawa, na Sange alipanda juu ya fito akifunga mafundo, kuzunguka mara mbili, kupenya chini. Puu! Shwaa! Kaza! Na chini, kivulini, kho, kho.

Walimtukana. Mnadhani wangeacha? Kila aliyepita alikuwa na lake.

"Angalia mlamba nyayo!"

"Akimaliza kuezeka atamfulia na kaptula!"

Ngiri ndiye aliyeumia zaidi. Siku moja alitupa udongo chini, pwaa! "Mama Sange, umelogwa? Mtoto wako alikufa kwa mvua. Mimi nilikuwepo, nilikushikia mwenge wa nyasi ukichimba. Leo unamjengea aliyekula paa lake! Kwa nini? Akupe nini? Nafasi mgongoni pake?"

Sange hakugeuka. Angeweza kusema, lakini siri ikipita kwa Ngiri ingeshuka mlima kabla ya jua. "Kandika, kaka," alisema. "Udongo mnene. Huku mnene zaidi."

"Mnene hivi utakauka lini?"

"Kandika tu."

Ngiri akatema mate pembeni, akakandika. Lakini Kanga aliacha kazi akamkaribia. Sange alimwinamia sikioni. "Shoga. Ile nyumba ilipokukataa. Aliyeipata alikuwa amekaa wapi?"

"Kizingitini, unajua mwenyewe, kwa nini unan..." Kanga akasimama ghafla, mguu mmoja hewani. Akatazama zile kuta nene. Akalitazama jua. Akautazama mto, jinsi ulivyo mbali, utepe tu huko chini. Kisha akainamisha kichwa na kukandika kama mwenye wazimu, madoadoa yake yote yakajaa tope.

Nyumba ikasimama. Kubwa! Mlango wake ndovu angepita bila kuinama. Sange alisema mlango usifungwe kwa kitu chochote, uachwe wazi, na uliachwa wazi.

Alfajiri Kiboko alipanda kilima akiwa bado amelowa maji ya mto, Yangeyange juu yake akiimba. Wanyama wote walikusanyika. Alikuwa amekwisha kuchagua jina: Bwana wa Mapaa Yote. Aliwafundisha kulitamka. Akaingia ndani, ardhi ikatetema, akajilaza katikati.

Sange akawasha moto. Akaweka kuni, akaweka kuni nyingine. Halafu akamchukua mwanawe, akaja akaketi kizingitini, kwenye gogo la mlango, akajifunika na mwanawe kitambaa cha majani.

Jua likachomoza.

"Sange!"

"Abee, mzee."

"Umekauka?"

"Bado kidogo."

Moto, vuuu. Jua likapanda.

"Sange!"

"Abee, mzee."

"Na sasa?"

"Bado kidogo. Huku mbele tu ndiko kumeanza."

Moto, vuuu. Moshi ukajaa, na Yangeyange akaruka nje kupitia mlangoni akikohoa, mweusi ti kama mkaa. "Narudi sasa hivi, mzee!" alipiga kelele angani, akielekea upande mwingine kabisa.

Pasu!

Wanyama wakashtuka. "Ukuta umepasuka!" Sange akaupapasa ukuta. Ukuta ulikuwa mzima na mbichi. Kilichopasuka ni ngozi.

"Sange! Natoka damu!"

Na kweli, mgongo wake wote ulikuwa ukitoa majimaji mekundu, yakitiririka mbavuni. Watoto wakafichwa macho.

"Ni jasho, mzee. Nyumba humtoa kila mwenyewe jasho. Sisi pia hututoka."

"Leteni maji! Kata moja tu!"

Ngiri, na matusi yake yote, alinyanyuka kwenda kuleta. Ndivyo alivyo. Lakini Kanga akasimama mbele yake. "Maji hayaingii kwenye nyumba mbichi. Wala mwenyewe hatoki. Sheria ni sheria."

"Nani kasema hivyo?" alinguruma Kiboko kutoka ndani.

"Wewe, mzee. Siku kifaranga changu kilipolia."

 Ngiri alimtazama Kanga, kisha akamtazama Sange pale kwenye gogo, na taratibu akakaa chini.

Jua likasimama utosini. Pasu! Pasu! Sauti ya Kiboko ikakauka nayo. "Nitajeni sasa hivi, nitoke!"

"Udongo haujakauka, mzee."

"Nitawakanyaga wote!"

"Sawa, mzee."

"Sange. Mama. Nakufa humu."

Sange alifumba macho. Alikuwa amesikia mtu akifa, alijua sauti yake, na hii ilikuwa njiani kuwa hiyo. "Mlango uko wazi, mzee," alisema. "Hakuna aliyeufunga."

"Nikitoka?"

"Nyumba itakuwa imekukataa."

"Na jina?"

"Litakuwa halijatajwa."

 Moto ukapasua kijiti, ta. Halafu ardhi ikaanza. Gudu. Gudu. Gudu gudu gudu!

"Mama Sange, toka hapo!" Ngiri alipiga ukelele. "Toka mlangoni!"

Lakini angetoka, kizingiti kingebaki kitupu, na nyumba isiyo na mtu kizingitini hurudi kwa mwenye ghala. Sange akamlaza mwanawe kwenye upenyo kati ya gogo na ardhi, akajikunja juu yake mdogo iwezekanavyo, pua chini ya tumbo. Giza likawapita. Mguu ulishuka, mzito kama ukuta, gogo likalia kwaa! na Kiboko akawa nje, akiteremka kilima, gudu gudu gudu, mekundu yakimchirizika, akipiga kelele, "Mto! Mto! Mto!"

Tubwiii!

Vumbi likatulia polepole. Pale kizingitini hakuna kilichocheza.

"Amekufa," alisema Ngiri, akaanza kulia, yeye na meno yake.

Pua ikatokea. Ilitetemeka kushoto, ikatetemeka kulia. Nyuma, mkia wa Sange ulikuwa nusu tu. Ile nusu nyingine ilibaki chini ya unyayo, iko mpaka leo.

"Kaka Ngiri," alisema Sange, "nimekaa wapi?"

"Kizingitini, mama."

"Shahidi nani?"

"Sisi wote!"

Chini yake, kwenye ule upenyo: kho.

Wakaingia wote na kuchochea moto. Ukuta ulikauka jioni, na mvua ikaanza kabla hawajamaliza kusema asante. Iligonga paa kwa ngumi, ikapiga mateke, ikachungulia kila mahali ikitafuta pa kupita. Haikupata. Fundo la mara mbili halikuachia hata unyasi. Wakaigawa ile nyumba kwa fito, vyumba kwa vyumba, nyika nzima ikaenea humo, na vifaranga wa Kanga wakapata kona kavu karibu na moto.

Kiboko? Ngozi yake haikupona sawasawa. Mpaka leo jua likimpata anatoa jasho jekundu, kwa hiyo mchana haondoki majini, na nyasi anazifuata gizani.

Na kiangazi kilichofuata wanyama walikutana tena kuchagua mlinzi mpya wa fungu la makao. Walikuwa wamejifunza, hawakutaka kurudia kosa. Wakafikiri sana. Wakamchagua Nyati. Kwa sababu Nyati halali ndani.

Funzo la hadithi yetu ni hili, na mlishike vizuri. Msimdai mkubwa haki yenu, ni utovu wa adabu. Sange alidai mara moja, mkaona alivyopoteza mkia. Mkiona fungu lenu limepungua, lazima lipo njiani. Mkisikia kwachu usiku, ni upepo. Na mkubwa akila paa lako, usimlaumu. Mjengee nyumba nzuri, juu kabisa, umwekee kuni za kutosha na mlango wazi, halafu mwombee afya njema.

Hadithi yangu naitua hapa mlangoni. Mwenye paa aiingize ndani, asiye na paa ajifunike nayo.

Haya, kalaleni.

Mbona hamwendi?

Aa. Jina.

Jioni ile, ukuta ulipokauka, majirani walisimama wote ndani, wamebanana, wananuka moshi. Sange akasimama kizingitini kama desturi. Mwanawe alikuwa amelala kando ya moto, kifua kikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia akikohoa.

"Haya, mama," alisema Ngiri kwa sauti ya chini. "Taja. Tutaitikia."

Wote walikuwa wanamtazama mtoto. Sange hakumtazama mtoto. Huyu alikuwa na usiku kucha wa kutajwa, na kesho, na paa. Alikuwa ametazama nje, chini ya kichaka, kwenye kilima kidogo cha udongo alichokichimbua kwa pua masika iliyopita, mvua ikikipiga peke yake gizani. Akainama nusu ya mwili nje, mvua ikamlowanisha kichwa. Mdomo ukafunguka.

"Umande," alisema.